Kuishi na dialisisi kwa muda mrefu: mwongozo kwa wagonjwa, familia na makanisa ya Beni na Butembo

Katika makanisa yetu ya Beni na Butembo, wakati wa matangazo ya Jumapili, huwa tunasikia ombi kama hili: figo za ndugu yetu zimeshindwa kazi, daktari amesema lazima aanze dialisisi, familia inaomba msaada wa safari. Tunatoa sadaka, tunaomba, mgonjwa anaondoka. Baada ya mwezi mmoja ombi linarudi, na sasa watu wanauliza: "Bado hajapona?"

Swali hilo linaumiza familia nyingi, kwa kuwa dialisisi haiponyi figo. Inashika nafasi ya figo, siku kwa siku, maadamu mgonjwa anaendelea kuipata. Katika makala haya tunaeleza kazi ya dialisisi, mambo yanayoyafanya maisha ya mgonjwa yawe mazuri au mabaya, na mzigo ambao kanisa linaweza kusaidia kuubeba.

Figo zinaposhindwa

Figo mbili za mtu mzima huchuja lita zipatazo 180 kila siku. Karibu maji yote hayo hurudi mwilini, na lita moja hadi mbili tu hutoka kama mkojo. Figo hutoa takataka za damu, hupima chumvi na potasiamu, husaidia kuongoza tansio (shinikizo la damu), na hutengeneza homoni inayochochea mwili kutengeneza damu. Kwa hiyo figo zikishindwa, mtu huvimba, hupumua kwa shida, tansio hupanda, damu hupungua, na moyo unaweza kusimama kwa sababu ya potasiamu nyingi.

Kuna hali mbili ambazo familia inapaswa kuzitofautisha tangu mwanzo. Ya kwanza ni figo kushindwa kwa ghafula, baada ya malaria kali, kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, kuharisha sana au sumu. Hapa figo mara nyingi huweza kurudi kazini baada ya siku au majuma kadhaa, na dialisisi ni ya muda. Ya pili ni figo zilizoharibika polepole kwa miaka, hasa kwa tansio na kisukari. Hizo hazirudi. Swali la kwanza la kumwuliza daktari ni hili: "Mgonjwa wetu yuko katika hali ipi?" Mipango yote ya pesa na ya safari inategemea jibu lake.

Dialisisi inavyofanya kazi

Katika dialisisi ya mashine, damu hutoka mwilini kwa mrija, hupita ndani ya kichujio, kisha hurudi. Kikao kimoja huchukua kwa kawaida saa 4, na kipimo cha kawaida ni vikao 3 kwa juma. Kila kikao hutumia lita zipatazo 120 za maji yaliyosafishwa kwa namna ya pekee, pamoja na umeme usiokatika. Ndiyo sababu kununua mashine peke yake hakuanzishi huduma. Panahitajika mtambo wa maji, jenereta, vichujio, dawa, wauguzi waliofundishwa na fundi wa kutengeneza.

Ipo pia dialisisi ya tumboni. Maji ya dawa huingizwa ndani ya tumbo kwa mrija mdogo, hukaa saa kadhaa yakivuta takataka, kisha hutolewa, mara nne hivi kwa siku. Mgonjwa anaweza kuifanya nyumbani bila mashine. Lakini mifuko ya dawa lazima ifike bila kukosa, na usafi wa mikono lazima uwe mkamilifu, kwa sababu uchafu ukiingia tumboni huleta ugonjwa mkali.

Mashine ya kwanza iliyofaa ilitengenezwa na daktari Willem Kolff huko Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, wakati wa vita. Kati ya wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa. Mwaka 1945 mama mmoja mzee alipona. Kuishi na dialisisi kwa miaka kulianza mwaka 1960 huko Seattle, Marekani, daktari Belding Scribner alipopata njia ya kuacha mrija mkononi ili mgonjwa aweze kurudi tena na tena. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi zaidi ya miaka 10.

Lakini mashine za Seattle zilikuwa chache kuliko wagonjwa. Iliundwa kamati ya watu saba, mmojawao mchungaji, ili ichague nani atibiwe. Walitazama mapato ya mtu, idadi ya watoto wake, na hata kama anahudhuria kanisa. Habari hizo zilipotangazwa mwaka 1962, wengi walishtuka. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalipia karibu raia wake wote wenye ugonjwa huu. Kwetu hakuna kamati, lakini uchaguzi unafanyika vilevile: unafanywa na mfuko wa familia na usalama wa barabara. Kanisa lisiongeze hukumu yake juu ya hukumu hizo mbili, kwa kuuliza nani anastahili kusaidiwa.

Juma la mgonjwa

Juma lina saa 168. Mwenye vikao 3 anasafishwa damu kwa saa 12 tu. Saa zote zinazobaki, maji na takataka hukusanyika mwilini. Asubuhi ya kikao mtu huwa mzito na amevimba. Jioni yake huwa amechoka kabisa, pengine ana maumivu ya kichwa au mishipa ya miguu inakaza. Kesho yake ndiyo siku yake nzuri. Anayetaka kumtembelea, kumpa kazi ya kanisa au kuzungumza naye mambo mazito, achague siku hiyo.

Watafiti wa nchi mbalimbali walipowauliza wagonjwa na waganga ni mambo gani yenye uzito zaidi, waganga walitazama sana kifo na kulazwa hospitalini. Wagonjwa walitoa uzito mkubwa kwa uchovu, uwezo wa kusafiri na muda wa kuwa huru mbali na mashine. Tunawasihi wanaohudumia wakumbuke jambo hilo. Anayeulizwa kila siku "Umepona?" hana la kujibu. Lakini akiulizwa "Juma hili uliweza kufanya nini?" anaweza kujibu, na jibu lake linaonyesha hali yake kwa kweli.

Safari kutoka kwetu

Kwa mtu wa Beni au Butembo, safari yenyewe ni sehemu ya ugonjwa. M23 iliteka Goma mnamo Januari 2025, na njia ya kwenda kusini ikakatwa na mapigano. Kinshasa ni ya ndege. Kwa hiyo wengi hutazama Uganda: barabara ya Beni hadi Kasindi, karibu kilomita 80, ambayo imeshambuliwa mara nyingi, kisha mpaka wa Mpondwe, na baada yake zaidi ya kilomita 350 hadi Kampala. Huko Kampala hospitali ya serikali ya Kiruddu hutoa dialisisi, na Mbarara pia ina huduma hiyo.

Hakuna anayeweza kufanya safari hiyo mara tatu kwa juma. Maana yake ni kuhama: kukodi chumba, kuishi kwa shilingi za Uganda, kuacha watoto na shamba, na mtu wa pili kuhama pamoja na mgonjwa. Ndiyo sababu gharama ya mashine ni sehemu tu ya gharama yote.

Kabla ya kuondoka, piga simu hospitalini. Uliza kama mashine zinafanya kazi, kama kuna nafasi kwa mgonjwa mpya wa kudumu, na bei ya kikao inahusisha nini. Uliza pia kwanza hapa karibu, kwa kuwa huduma mpya zinaweza kufunguliwa na mashine iliyokuwepo inaweza kuharibika. Mgonjwa abebe karatasi zake: majibu ya vipimo vya homa ya ini aina ya B na C na vya virusi vya UKIMWI, orodha ya dawa, na ripoti ya kikao cha mwisho yenye uzito wake usio na maji ya ziada. Bila vipimo hivyo, kituo kinaweza kukataa kumpokea ili kuwalinda wengine.

Chakula na maji

Hapa ndipo familia huweza kumsaidia mgonjwa zaidi, na hapa pia ndipo humdhuru bila kujua, kwa sababu vyakula vyetu vizuri ni vyenye potasiamu nyingi: ndizi, avoka, viazi, maharagi, sombe, lenga-lenga, juisi ya matunda na kasiksi. Ukatwe vipande vidogo, kiazi au mboga iloweke katika maji mengi, ichemshwe, maji yamwagwe, kisha ipikwe kwa maji mapya. Potasiamu itapungua, ingawa haitakwisha. Avoka na ndizi mbivu haziwezi kusaidiwa hivyo. Chumvi za badala zinazouzwa kwa wenye tansio mara nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na kwa mgonjwa huyu ni hatari.

Makayabu na samaki wadogo waliotiwa chumvi huleta kiu, na kiu huleta maji mengi. Mgonjwa asiyekojoa tena mara nyingi huruhusiwa karibu nusu lita ya kinywaji kwa siku, na anayekojoa huongezewa kiasi cha mkojo wake. Chai, uji, supu na soda vyote vinahesabiwa. Apimwe maji ya siku asubuhi katika chupa moja, anywe kwa kikombe kidogo.

Kosa lingine ni kumnyima mgonjwa nyama na mayai. Kabla ya dialisisi daktari huenda alisema apunguze vyakula hivyo. Dialisisi ikishaanza, mwili hupoteza protini na unahitaji zaidi: yai, samaki mbichi, kuku. Uliza tena, usifuate agizo la zamani.

Siku mbili mfululizo bila kikao ndizo za hatari kuliko zote, kwa sababu vifo vya ghafula vya moyo huongezeka mwishoni mwake. Zikiangukia Noeli, Pasaka au arusi, jamaa wasimlazimishe kula kama wengine ili kuonyesha furaha.

Mkono na mrija

Daktari hujitahidi kuunganisha mishipa miwili ya mkono ili damu ipite kwa nguvu; humo ndimo sindano za mashine huingia. Mkono huo usipimwe tansio, usitolewe damu, usibebe mizigo, wala usilaliwe. Kila asubuhi mgonjwa auguse. Akisikia mtetemo, unafanya kazi. Mtetemo ukipotea, aende hospitalini siku hiyohiyo.

Wengine wana mrija shingoni au kifuani. Usilowe maji, usifunguliwe nyumbani. Homa au baridi kali kwa mwenye mrija isitibiwe kwanza kama malaria nyumbani, kwani inaweza kuwa vidudu vimeingia ndani ya damu.

Moyo, ndoa na heshima

Mwanamume aliyekuwa akilisha nyumba sasa anaombewa pesa mbele ya kanisa. Mama aliyekuwa akibeba mihogo kutoka shambani anashindwa kubeba mtungi wa maji. Ngozi inawasha usiku, usingizi unakimbia, hamu ya ndoa inapungua kwa mwanamume na kwa mwanamke, na mimba inakuwa ngumu. Haya yote yanatokana na ugonjwa. Si laana, wala si uthibitisho wa uzinzi. Mengine yana tiba: upungufu wa damu una sindano zake, na kwa anayetazamia kupandikizwa figo sindano hizo ni bora kuliko kuongezewa damu mara kwa mara. Lakini mgonjwa hatayasema mbele ya wageni kumi waliojaa chumbani. Waende wawili, wakae, wasikilize.

Tusimsahau anayemtunza. Mara nyingi ni mke, dada au binti aliyeacha masomo. Naye anahitaji kulala, kula na kuulizwa hali yake.

Maombi na mashine

Tunaamini Mungu huponya, na tunawaombea wagonjwa wetu. Lakini kuna tendo moja ambalo lazima tulikatae wazi: kumwambia mgonjwa wa dialisisi kwamba amepona na asirudi kwenye mashine. Ambaye figo zake hazifanyi kazi tena, akiacha dialisisi, kwa kawaida hufa katika juma moja au mawili. Siku za kwanza anaweza kujisikia vizuri, kwa sababu amepumzika na safari na sindano, na watu wakashangilia. Kama figo zimerudi, vipimo vya damu na mkojo vitaonyesha, na daktari mwenyewe ataondoa mashine. Imani haipungukiwi kitu kwa kungoja kipimo.

Vilevile kufunga bila chakula na maji, kisha kufungua kwa juisi na ndizi, kunaweza kumwua. Mgonjwa ashiriki kwa njia nyingine, na mchungaji amtangulie kumwambia hivyo, asije akaona haya. Kikombe kidogo cha Meza ya Bwana hakina shida.

Kabla ya kuuza shamba

Familia nyingi huuza ng'ombe, kisha shamba, kisha nyumba, na pesa huisha baada ya miezi michache. Hesabu ifanywe mapema. Vikao 2 kwa juma ni 104 kwa mwaka, na vikao 3 ni 156. Zidisha bei ya kikao kwa hesabu hiyo, ongeza chumba, chakula, dawa na safari za mtunzaji. Nchini Kenya bima ya taifa ilikuwa ikilipia vikao viwili kwa juma, kwa shilingi 9,500 kila kimoja kwa miaka mingi, na baadaye bei ya kikao ikapandishwa hadi 10,650. Kwetu familia nyingi hulipa zenyewe. Jibu la hesabu liwekwe mbele ya mgonjwa, kama ana nguvu ya kuamua, na mbele ya wanawe. Shamba ni chakula cha watoto watakaobaki.

Kupandikizwa figo huweza kumpa mtu uhuru mkubwa zaidi. Muhimbili, Tanzania, ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Mulago, Uganda, Desemba 2023. Panahitajika mtoaji anayefaa, na dawa za kila siku maisha yote. Kutoa figo ni zawadi. Ndugu anayeogopa asishurutishwe kwenye kikao cha ukoo wala kutoka mimbarani, na anayetafuta figo ya kununua anaingia mikononi mwa walaghai.

Wakati mwingine hesabu inakataa, au mwili umechoka. Kutoanza dialisisi, au kuiacha baada ya kuelewa vizuri na kushauriana na daktari, si kujiua. Ni kukubali kwamba ugonjwa umefika mwisho wake. Lakini mtu huyo asiachwe. Kuna dawa za maumivu, za kichefuchefu na za kupumua kwa shida. Kuna kukaa karibu naye, kupatanisha waliokosana, na kumtunzia heshima hadi mwisho.

Kanisa linaweza kubeba nini

Watu wanne walimbeba mgonjwa hadi wakafungua dari, kila mmoja akishika pembe yake. Nasi tunapendekeza kugawana kazi. Mzee mmoja wa kanisa asimamie pesa, akitoa kidogo kila mwezi kwa muda uliotajwa, badala ya changizo kubwa moja inayokwisha. Kikundi cha wamama kishike shamba na watoto. Mtu mmoja aongee na hospitali na kutunza karatasi. Kanisa lenye washirika Kasindi, Kasese au Kampala litafute chumba karibu na hospitali, kwa kuwa chumba kimoja huweza kuhudumia wagonjwa wengi kwa zamu.

Na tuzuie wengine wasifike huko. Siku ya Figo Duniani ni Alhamisi ya pili ya Machi. Wauguzi wa vituo vyetu vya afya wanaweza kupima tansio, sukari na mkojo baada ya ibada ya Jumapili inayofuata. Mwenye tansio asiache vidonge kwa sababu kichwa hakiumi. Tuache kununua diklofenaki na ibuprofeni kila siku kwa maumivu ya mgongo, tuogope dawa za miti ambazo kipimo chake hakijulikani, na tuache mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Vyote hivyo huweza kuharibu figo kimya kimya kwa miaka, na mtu huweza kujua siku ile tu miguu inapovimba.

Kwa ndugu zetu walio kwenye mashine leo, na kwa wale wanaowasubiri kwenye benchi hadi kikao kiishe: hatujawasahau. Jumapili jina lenu likitajwa tena, tutajua kwa nini linatajwa tena.